Msomaji wa Hofu za Wengine

Lutfunnesa Khanam, ambaye mtaa wao wa Mirpur, jijini Dhaka, ulimjua kwa jina la Lutfa tu, alikuwa na kazi ambayo hata baba yake mzazi hakuweza kuwaeleza majirani. Mzee akiulizwa alijibu, "Anasoma malalamiko ya watu kwenye kompyuta," na hakuwa mbali na ukweli. Kampuni yao, iliyopanga ghorofa moja huko Banani, ililipwa na watengenezaji wa programu za simu iwaambie ni nini kinachowatia hofu watumiaji wao. Mtu ukimpelekea maswali rasmi atajibu kwamba kila kitu ni sawa ili aachwe na shughuli zake. Lakini kwenye kumbi za mazungumzo mtandaoni, ambako kila mmoja amejipa jina la kubuni, watu husema wasiyowaambia hata wenzi wao. Huko ndiko Lutfa alikoshinda kutwa, miwani imeteremka puani, kikombe cha chai kimepoa kando yake.

Alisoma ya mzee wa Khulna aliyetaka kujua kwa nini tochi ya simu iombe majina ya rafiki zake wote. Alisoma ya msichana aliyekuwa anamwandikia mwalimu ujumbe, simu ikampendekezea jina la mvulana fulani badala ya salamu. Alisoma ya mama ambaye picha za mwanawe akiogeshwa zilijipeleka zenyewe mahali asipopajua, naye analia asijue azirudishe vipi. Kila lalamiko Lutfa aliliweka kwenye fungu lake: huyu anaogopa kufuatwa, huyu picha kuvuja, huyu haelewi programu inataka nini kwake. Alikuwa na jicho. Mtu akiandika kwa mzaha, Lutfa alijua kama chini ya mzaha kuna kilio.

Kazi ile ilikuwa na masharti mawili, na Lutfa ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni ofisini. La kwanza, usimjibu unayemsoma. La pili, usijaribu kumjua ni nani.

"Yeye amesimama barabarani anaongea," alikuwa akiwaambia. "Kumsikia si kosa. Kumfuata mpaka kwake ndilo kosa."

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, baba yao aliyestaafu shirika la reli, na mdogo wake, ambaye vyeti vya shule vilimwita Mahbuba lakini tangu uchanga aliitwa Tuntuni, jina la kindege kidogo kinachoshona majani. Tuntuni alikuwa na miaka sita tu homa ya dengue ilipomchukua mama yao. Lutfa wakati huo alikuwa ameposwa na mwalimu mmoja wa Bogura, kijana mpole mwenye sauti nzuri. Aliomba harusi isogezwe mbele mpaka mtoto azoee. Mtoto hakuzoea. Alikuwa akilala ameshika ncha ya sari ya dada yake, na akiamka bila kuikuta mkononi alipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Mwalimu alisubiri, akasubiri, mwisho akaoa kwingine. Lutfa alipeleka zawadi ya harusi, na baada ya hapo jina lile halikutajwa tena nyumbani kwao.

Basi Tuntuni alipoanza chuo, na barabara za Dhaka kama zinavyojulikana, Lutfa alimnunulia simu nzuri na kuitia programu inayoitwa Chhaya, yaani kivuli. Ilikuwa inaonyesha kwenye ramani kila mtu wa familia alipo, nukta ndogo ya buluu.

"Ili nijue umefika tu," alimwambia.

"Na nisipofika?"

"Nijue ulipokwama."

Tuntuni alicheka, akambusu shavuni. "Haya, polisi wangu."

Mwanzoni Lutfa alitazama asubuhi na jioni. Kisha akawa anatazama akinywa chai. Kisha akawa anatazama kati ya lalamiko moja na jingine, kidole kikienda chenyewe, bila hata kukituma. Nukta ikiwa chuoni, moyo unatulia. Ikisogea, na moyo unasogea.

Siku moja ya mvua, Lutfa akiwa mapumzikoni nyumbani, aliona nukta imekaa kando ya ziwa la Dhanmondi saa za masomo. Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Alichofikiri hapo hakuwahi kumsimulia mtu, lakini alishuka ngazi mbio, akaingia kwenye riksho ya kwanza, na alipofika ziwani alimkuta mdogo wake amekaa chini ya mwavuli na wenzake wawili wa kike na kijana mmoja mwembamba, wanakula karanga na kusomeana mashairi waliyoandika wenyewe. Lutfa alianza kupaza sauti kabla hajawafikia. Alisema ya ada, ya mama yao kaburini, ya baba aliyeko nyumbani, ya watu watasema nini. Watu wa pembeni waligeuka. Kijana yule mwembamba aliinuka, akasema kwa adabu, "Dada, tumekosa, tusamehe," na hilo likamtia Lutfa hasira zaidi.  Tuntuni alikuwa anatazama chini, miguuni kwa dada yake, na Lutfa alipotazama naye akaona amekuja na ndala za chooni.

Baada ya siku ile hawakugombana. Tuntuni alipika, alifua, alimsomea baba gazeti. Ila alikuwa akijibu alichoulizwa tu, na ile tabia yake ya kuingia chumbani kwa Lutfa bila hodi na kujitupa kitandani ikaisha. Lutfa alijiambia ni utoto, utapita.

Msimu huo huo kampuni ilipewa kazi na watengenezaji wa Chhaya wenyewe. Walitaka kujua kwa nini vijana wanaiondoa simuni. Mkuu wa kitengo, Towfiq, mwanamume mnene mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, alimkabidhi Lutfa kumbi zote za Kibangla. "Wewe una sikio, dada yangu," alisema. "Nitafutie yule atakayetueleza kitu ambacho hatukijui."

Siku ya pili ya kusoma alimpata. Alikuwa amejiita Kunguru Mweupe. Aliandika hivi:

"Jamani, nisaidieni. Nataka kuzima Chhaya bila mwenye kuiweka kujua. Si mume, si mchumba. Ni dada yangu. Amenilea tangu mama afe, aliacha kuolewa kwa ajili yangu, hajawahi kunipiga hata kofi. Ndiyo maana siwezi kumwambia. Lakini sina hata mahali pamoja duniani ambapo niko peke yangu. Nikikaa mahali dakika kumi naanza kufikiria yeye anafikiria nini. Siku moja alinifuata ziwani mbele za watu akiwa na ndala za chooni, mvua inanyesha. Sikuona aibu kwa ajili yangu. Nilimwonea huruma yeye, na huruma ile ndiyo inayonimaliza."

Lutfa alivua miwani akaifuta kwa ncha ya sari, akaivaa tena, akasoma upya. Ofisi iliendelea na kelele zake. Mtu alipita akamuuliza kama atakula wali au mkate, akajibu mkate, kisha akajibu wali. Chini ya maneno yale wageni walikuwa wameshamiminika na ushauri. Mmoja alisema, ukiizima itampelekea taarifa. Mwingine akasema, mkabili, mwambie ukweli. Mwingine akaandika kwa kejeli: "Mpe dada yako paka afuge." Na mmoja, aliyeonekana ni mtu wa miaka mingi, aliandika, "Iache simu nyumbani, binti. Wewe nenda."

Kunguru Mweupe alikuwa amemjibu huyo wa mwisho kwa neno moja: "Naogopa."

Lutfa alitakiwa kuliweka lalamiko kwenye fungu lake. Alikaa nalo mpaka wenzake walipoanza kuzima taa. Mwisho aliliweka chini ya "anaogopa kufuatwa," akachukua mkoba wake akaenda nyumbani.

Njiani alinunua jalebi za moto, vile vitamu vya shira. Alikuwa amepanga maneno: nimekukosea, leta simu tuiondoe hiyo takataka pamoja. Lakini Tuntuni alipofungua mlango na kupokea kile kifurushi kwa mikono miwili, kama mgeni, Lutfa aliona ugumu wa jambo lile. Akisema tu, mtoto atauliza: kwa nini leo? Na jibu la kweli ni lipi? Kwamba alikuwa na mahali pake pamoja pa kusemea, na dada ameshafika hata hapo? Akanyamaza. Kesho yake akanyamaza tena. Na kilichomuumiza zaidi baadaye kila alipokumbuka ni kwamba siku zote hizo, ingawa amejua, aliendelea kutazama ile nukta.

Siku Tuntuni alipoondoka, nukta ilikaa nyumbani kutwa. Lutfa alifurahi ofisini. Alidhani mdogo wake amepumzika, pengine anapika khichuri, wali wa dengu wa siku za mvua. Jioni alikuta baba amekaa gizani, hajawasha taa.

"Tuntuni yuko wapi, Baba?"

"Amesema anakwenda chuo. Tangu asubuhi."

Lutfa alipiga simu. Ikaita chumbani, chini ya mto.

Kesho yake ujumbe uliingia kutoka namba ngeni. "Dada, niko salama, nimepata kazi na mahali pa kukaa na wasichana wenzangu. Sikutoroka na mtu. Mwambie Baba anywe dawa. Naomba msinitafute." Alipoipiga ile namba, alipokea mwanamke aliyesema msichana mmoja aliazima simu yake kituo cha treni, ameshapanda.

Baba alitaka polisi. "Ni mtoto!"

"Ana miaka ishirini na mbili, Baba."

"Wewe ndiye ulimlea. Umemleaje mpaka akatukimbia?"

Mzee alijuta neno lile lilipokuwa bado mdomoni, akanyoosha mkono kumshika. Lutfa alikwenda jikoni akafungua bomba la maji, akaliacha litiririke ili asisikike akilia.

Hakumtafuta. Hilo alilishika, au alidhani amelishika. Ila kazini alikuwa na kila sababu ya kupita kwenye ule ukumbi, na wiki chache baadaye Kunguru Mweupe aliandika tena. Alikuwa anawashukuru watu. Alisema yuko mji wenye bahari na vilima. Lutfa akajua ni Chattogram. Anafanya kazi kwenye duka la mikate, anapamba keki. Chumba chake kina dirisha moja linalotazama ukuta, na anaupenda ukuta ule, kwa sababu anapoutazama hakuna anayejua anatazama nini. "Lakini," aliandika, "jioni nasikia njaa ya nyumbani."

Lutfa alisoma hayo wakati wa chakula cha mchana, amesimama kwenye paa la jengo la ofisi, na kabla hajajizuia alikuwa ameshafungua jina jipya: Mama Mdogo wa Bogura. Akaandika: "Mwanangu, njaa hiyo haipungui kwa kuipigia kelele. Pika kitu cha kwenu hata kidogo. Kula taratibu."

Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, lenye alama za kucheka. "Asante, Mama Mdogo. Sijui kupika cha kwetu, dada alikuwa hataki niungue mikono."

Kuanzia hapo wakawa wanaandikiana kwa faragha. Lutfa alimfundisha kuchoma biringanya na kuziponda, kupima maji ya wali kwa kidole, kuchagua samaki kwa kufunua shavu lake. Tuntuni alimsimulia mgeni yule mambo ambayo hakuwahi kumsimulia dada: kwamba yule kijana mwembamba wa ziwani hakuwa mpenzi wake ila alitamani awe, kwamba anaandika mashairi mabaya na anayapenda, kwamba mama yao hamkumbuki sura, na anaona haya kusema hivyo, kwani akijaribu kuikumbuka sura ya mama inakuja sura ya dada.

"Kwa nini humwandikii dada yako?" Mama Mdogo aliuliza siku moja. 

"Nitamwandikia. Nataka kwanza niwe mtu ambaye hahitaji kuokolewa. Nikiwa tayari nitakwenda mwenyewe, nibishe hodi kama mgeni, anipikie. Sitaki anikute. Nataka nimwendee."

Lutfa alisoma maneno yale mpaka akayajua kwa moyo. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa miaka. Alijua pia, maana alikuwa msomaji wa hofu za watu na si mjinga, kwamba anafanya kile kile alichokifanya kwa ile nukta. Kila asubuhi aliapa leo ndiyo mwisho, aage, ajifute, amwache mtoto aje kwa miguu yake. Kisha simu inatoa mlio na kiapo kinakwisha.

Mwezi wa baridi Tuntuni akaandika kwamba anaumwa koo, anakohoa, hawezi kwenda dukani. Lutfa hapo hakufikiri. Aliandika haraka, vidole vinapishana: "Tafuna tangawizi na chumvi, funga shingo, usioge maji baridi. Na watu watakuletea chai ya ndimu, usinywe, unajua ndimu inavyokutoa malengelenge mdomoni."

Akatuma. Akaweka simu mezani. Kisha akaichukua tena, akasoma alichoandika.

 Akaona kwamba Tuntuni anaandika. Akaona ameacha. Akaona anaandika tena.

"Sijawahi kukuambia habari ya ndimu."

Lutfa aliandika, "Watu wengi wako hivyo," akafuta. Aliandika, "Nisamehe," akafuta. Aliandika, "Mwanangu, sikiliza," na wakati bado anatafuta neno linalofuata, ujumbe wa mwisho ukaingia.

"Hata huku, dada?"

Akaandika "Ndiyo mimi, nisamehe," akatuma, lakini jina la Kunguru Mweupe lilikuwa limeshageuka kijivu, na chini yake ukumbi ukaandika kwamba mtumiaji huyo hayupo tena. Alipokwenda kwenye mazungumzo ya zamani alikuta kila alichokuwa ameandika Tuntuni kimeondolewa. Wageni wake walikuwa bado wapo pale, wanamjibu mtu asiyekuwepo. Yule wa paka. Yule wa "wewe nenda."

Lutfa hakuenda kazini siku tatu. Baba alidhani ni homa, akamletea maji ya moto mwenyewe, yakimwagika njia nzima.

Aliporudi ofisini, Towfiq alimpokea kwa furaha. Ripoti ya Chhaya ilikuwa inakamilika. Alimgeuzia kompyuta yake, na kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, yalikuwepo maneno ya Kunguru Mweupe yote, kuanzia "Jamani, nisaidieni."

"Hii ndiyo roho ya ripoti!" alisema Towfiq. "Sisi tulidhani watu wanaogopa wezi. Kumbe wanaogopa dada zao! Na zile ndala, wallahi, nani atazisahau? Umenitafutia dhahabu."

"Ameyafuta, Kaka Towfiq. Mwenyewe ameyafuta maneno yake."

"Sisi tulishayanakili kabla. Na hakuna jina hapo."

"Waliokuwepo ziwani siku ile watamjua."

"Nani? Watu wangapi hao? Lutfa, wateja wanayangoja haya. Usiniharibie. Tangu lini wewe ukawa hivi?"

Lutfa alikaa kwenye kiti bila kuambiwa. "Ndala zilikuwa zangu," alisema.

Towfiq alicheka kidogo, kisha akamtazama usoni, na kicheko kikaisha.  Akainuka, akafunga mlango wa chumba.

"Na yeye anajua kwamba ulimsoma?"

"Anajua."

  Towfiq alimsogezea kompyuta. "Toa mwenyewe," alisema. "Ila niandikie kitu mahali pake, ukurasa hauwezi kuwa mtupu."

Lutfa aliyatoa. Aliyatoa kwenye ripoti, akayatoa kwenye hifadhi ya ofisi, akayatoa na kwenye nakala aliyokuwa nayo mwenyewe simuni, ile aliyokuwa akiisoma kwenye basi. Hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko zote. Yalikuwa ndiyo maneno pekee ya moyoni mwa mdogo wake aliyobaki nayo. Mahali pake, kwenye ukurasa wa kwanza, aliandika kwamba wapo watumiaji wanaoogopa kuonekana na watu wanaowapenda, na kwamba hao hawatasema, kwa sababu hawataki kuwaumiza. Akapendekeza programu imruhusu mtu kujiondoa kwenye ramani bila mwingine kupewa taarifa. Watengenezaji walishukuru kwa ripoti nzuri. Pendekezo lile hawakulichukua. Walisema wanaonunua Chhaya ndio wanaotazama, si wanaotazamwa.

Lutfa aliomba kuhamishiwa kazi nyingine, akapewa ya kukagua tafsiri. Si kazi anayoipenda.

Idd ilipofika alipika tambi za maziwa asubuhi, akamvalisha baba kanzu mpya, akamsindikiza mpaka uwanja wa sala na kumngoja nje pamoja na wanawake wengine. Waliporudi walikaa wawili mezani. Mtaa mzima ulikuwa unagonga milango na kukumbatiana. Kila mlango wa jirani ulipogongwa, mzee aliinua kichwa.

"Atakuja leo?" aliuliza.

"Sijui, Baba."

"Yuko wapi sasa?"

"Sijui."

Mzee alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyesikia lugha asiyoizoea. Miaka yote Lutfa ndiye aliyejua nani yuko wapi.

"Hujui kweli, au hutaki kuniambia?"

"Sijui kweli," alisema Lutfa, akamwongezea tambi kwenye bakuli, akageuza uso upande wa dirisha ili mzee ale bila kumwona machozi.